Spea ya D4 Iliyokataa D4: Kutafuta Chanzo Katapila la Zamani Linaposumbua Baada ya Kubadilishiwa Spea

Kijana mmoja wa Nanganga aliniletea pistoni nne ndani ya gunia la korosho. Zilikuwa zimesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, mpya kabisa, zimeviringishwa kwenye karatasi yenye grisi. "Shikamoo fundi. Leo D4 yangu inapona," akasema, yaani katapila lake dogo la Caterpillar. Tukashusha ya kwanza kwenye laina, bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ilizama yenyewe bila kusukumwa, ikawa inacheza humo kama mchi kwenye kinu. Tukachukua vernia: pistoni milimita 108, laina milimita 114.3. Muuzaji hakumdanganya. Zilikuwa pistoni za D4 kweli, ila za D4 nyingine. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyuma ya banda letu pale Masasi kulikuwa na injini ya D6, katapila kubwa kuliko D4, iliyovunjika kranki, na pistoni zake sita zilikuwa za kipimo alichokitafuta.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa kila anayehangaika na katapila la zamani huku kusini, liwe linang'oa visiki kwenye shamba la mikorosho, linachimba lambo au linafungua njia ya kijijini kabla ya mvua za Desemba. Matatizo mengi ninayoletewa hayatokani na uzee wa mashine. Yanatokana na spea iliyokaribia kufaa lakini si yake.

Kwetu kila chenye cheni ni katapila, hata kama ubavuni kimeandikwa International au Allis-Chalmers. Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, wakakusanya trekta za cheni popote walipozipata. Nyingi zilikuwa masalia ya vita kutoka Ufilipino. Nyingine ziliitwa Shervick, yaani vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza kuwa trekta. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Lililobaki ni majina kama Farm 17, na desturi ya mafundi ya kuchukua kifaa cha mashine hii kukifunga kwenye ile. Desturi hiyo siilaumu, maana ndiyo iliyotulisha. Lakini ina masharti yake.

Kabla ya kuuliza dalili, soma namba

Jina la D4 au D7 ni la ukoo tu. Mtu mwenyewe yuko kwenye namba ya mashine, hasa tarakimu na herufi za mwanzo. Itafute kwenye kibati cha injini ubavuni mwa bloku, halafu uitafute tena nyuma, kwenye mwili wa gia boksi. Sugua kwa brashi ya waya na dizeli, usitumie tindo. Namba hizo mbili zisipolingana, injini imewahi kuhamishwa. Hapo spea za injini utaagiza kwa namba ya injini, na za cheni na gia boksi kwa namba ya nyuma. Nimeona watu wakipoteza msimu mzima kwa kutojua hilo.

Kwa mashine za Caterpillar zilizotengenezwa kuanzia 1947 hadi miaka ya hamsini, mambo yako hivi. D2 yenye 4U ina upana wa inchi 40 kati ya cheni na cheni, na 5U ina inchi 50. D4 ni 6U kwa inchi 44 na 7U kwa inchi 60. D6 ni 8U kwa inchi 60 na 9U kwa inchi 74. Upana huu hupimwa kutoka katikati ya cheni moja hadi katikati ya nyingine, kwa hiyo hata kibati kikiwa kimeng'oka, futi ya kupimia itakwambia kama una 6U au 7U.

Ndani ya injini undugu unakwenda njia nyingine. D4 ya 6U na 7U ina silinda nne zenye kipenyo cha inchi 4½ na mwendo wa pistoni wa inchi 5½. D6 ya 8U na 9U ina silinda sita za kipimo hicho hicho. Injini hizi zinapouzwa peke yake, kwa jenereta au pampu, huitwa D315 na D318. Pistoni, laina na ringi zao ni za familia moja. D4 za kabla ya hapo, kama 7J na 2T, zina kipenyo cha inchi 4¼, na D6 za zamani za 4R na 5R vilevile. Kwa hiyo upande wa pistoni, ndugu wa D4 ya 7U ni D6 ya 9U. D4 ya 2T anashirikiana naye jina tu. Pistoni za yule kijana zilitoka ukoo wa 2T.

Ukipanda juu utakuta mpango huo huo. D7 ya 3T, ambayo ndiyo D7 iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa vita, ina silinda nne za inchi 5¾ kwa 8. D8 ya 2U ina silinda sita za kipimo hicho. D2 ndiyo haina mkubwa wa kumwazima: 4U na 5U ni inchi 4 kwa 5, na zile za kabla yake, 3J na 5J, ni inchi 3¾ kwa 5.

Oili imegeuka kama chai ya maziwa baada ya kufunga laina mpya

Maji yameingia kwenye oili. Watu hukimbilia silinda hedi, wananunua gasketi, wanafunga, na baada ya siku mbili oili imegeuka tena. Kwenye D4 na D6 laina zinakaa ndani ya maji moja kwa moja, na kinachozuia maji yasishuke kwenye kata ya oili, bakuli la oili chini ya injini, ni mipira ya duara iliyo chini ya laina. Basi anzia chini.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni mpira usio wake. Fundi anapata mpira wa kipenyo sawa lakini mwembamba kidogo, unaingia kwa urahisi naye anafurahi. Laina ya aina hii ikiingia kwa kusukumwa na kidole, kuna kosa. Inatakiwa ipinge, uisukume kwa mikono miwili huku mpira umelowa sabuni ya maji. Sababu ya pili ni mpira uliokatwa na ukingo wa tundu kwenye bloku. Ukingo huo huota kutu yenye makali kama msumeno, hasa mashine iliyofanya kazi karibu na bahari, kule Mikindani au kwenye mashamba ya chumvi. Ulainishe kwa msasa kabla ya kufunga.

Sababu ya tatu iko juu. Shingo ya laina lazima itokeze kidogo juu ya uso wa bloku ili hedi iikandamize. Laina iliyotolewa kwenye injini nyingine inaweza kuwa na shingo iliyokerezwa na mtu miaka ishirini iliyopita. Weka rula ya chuma juu ya bloku uipitishe: isipogusa laina kwanza, laina iko chini. Dawa yake ni shimu, yaani pete nyembamba ya chuma, chini ya shingo. Usiongeze gasketi ya pili. Laina zote zilizo chini ya hedi moja zitokeze sawasawa, la sivyo hedi itakaa upande.

Kabla ya kurudisha hedi na kata ya oili, jaza maji kwenye bloku uliache usiku kucha. Asubuhi lala chini na tochi. Tone moja tu linatosha kukuambia ufungue upya. Kazi hii haigharimu hata shilingi moja, na imeniokolea injini nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Ringi nazo, hata zikiwa za kipimo, zipimwe moja moja. Iingize ndani ya laina, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, pima mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kwa kipenyo cha inchi 4½ nataka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.45. Ukiwa finyu zaidi, injini ikipata moto ncha zitagongana na laina itachanika.

Presha ya oili ni nzuri asubuhi, saa nne imeshuka

Kama tatizo limeanza baada ya kubadilisha beringi za kranki, toa kofia moja usome mgongo wa beringi. Namba 010, 020 au 030 maana yake kranki ilikerezwa kwa sehemu kumi, ishirini au thelathini kati ya elfu moja za inchi. Ukifunga beringi za kawaida kwenye kranki iliyokerezwa, oili nzito ya asubuhi itaficha kosa. Ikilainika kwa joto inapita kwenye mwanya na sindano inaanguka. Tahadhari na beringi zenye alama ya 0.25 au 0.50: hizo ni milimita. Zinakaribiana sana na 010 na 020, lakini usichanganye aina mbili kwenye kranki moja bila kupima.

Moshi mweusi, nguvu hamna

Kama umeazima pampu ya dizeli ya silinda moja kutoka injini ndugu, pampu yenyewe huenda haina kosa. Kagua gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, na reki, fimbo inayopimia pampu dizeli. Injini ya kipimo kimoja ina mpaka wake wa dizeli, na gavana iliyotoka injini ya kipimo kingine itamwaga zaidi ya pumzi iliyopo. Moshi mweupe kwenye silinda moja tu ni habari tofauti. Legeza paipu za nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma polepole. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo mgonjwa. Badilishana nozeli yake na ya jirani. Moshi ukihama, nozeli imekufa. Usipohama, tafuta kwenye valvu na kompresheni.

Injini ndogo inawaka, kubwa haizunguki

Caterpillar za enzi hizi huwashwa na injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili. Ikinguruma vizuri lakini ya dizeli haisogei, jiulize kwanza kama klachi yake inateleza. Ikizungusha kwa sekunde chache kisha pinioni, gia ndogo inayozungusha injini kubwa, ikatoka yenyewe kabla dizeli haijashika, ndoano za pinioni zimelika. Meno yakisaga kila unapoingiza, na injini hiyo ndogo imetoka mashine nyingine, hesabu meno ya pinioni na uyalinganishe na ya zamani. Kwa sura injini ndogo hizi zinafanana kama mapacha, na sura hiyo imewatia hasara wengi.

Magneto iliyoazimwa, yaani kile kifaa kinachotoa cheche, ni mtego mwingine. Inaweza kuingia kwenye bolti zake zote na cheche ikatoka nzuri nje ya injini, lakini injini isiwake. Angalia mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, halafu angalia nafasi kati ya cheche ya kwanza na ya pili. Injini mbili za silinda mbili haziwaki kwa mpangilio mmoja kama kranki zao zimeundwa kwa pembe tofauti. Tena magneto iliyowekwa vibaya hurudisha mpini nyuma kwa nguvu, kwa hiyo unapozungusha kwa mkono weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Nimemshika mkono kijana aliyevunjika kifundo kwa sababu hiyo. Sitaki kuona tena.

Na kama maji yanapungua kwenye rejeta bila kuonekana yanakokwenda, fungua plagi za injini ndogo. Inatumia maji yale yale ya injini kubwa, na gasketi yake ikipasuka maji huingia humo kimyakimya.

International za TD-9 na TD-14 hazina injini ndogo kabisa. Injini yenyewe huwaka kwa petroli, ikiwa na kabureta na magneto yake, halafu inahamishiwa kwenye dizeli. Kwa hiyo mtu akikuuzia "spea za kuwashia katapila", muulize katapila gani.

Cheni inaruka meno, au inalia kila ikizunguka

Hapa ndipo fedha nyingi huzama, kwa sababu cheni ni ghali na mchanga wetu hauna huruma. Mashine iliyofanya kazi kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde na ile ya udongo wa mfinyanzi kule bondeni haziliki kwa namna moja. Mchanga huingia kati ya pini na bushi, kile kibomba kinachoizunguka pini, na kusaga ndani kwa ndani, huku nje cheni inaonekana nzima.

Kifaa cha kwanza ni futi. Nyosha cheni kwa kubana kipande cha chuma kwenye jino la sproketi, gurudumu la meno linalosukuma cheni, na kurudisha mashine nyuma polepole. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya tano, mbali na pini ile ya kufungulia, kisha gawa kwa nne. Hicho ndicho kipimo cha hatua. Fanya hivyo kwa cheni ya zamani na kwa unayotaka kununua, ukiwa umesimama hapo hapo kwenye skrepa, kabla ya kulipa. Ukipima hatua moja peke yake utadanganyika, kwa sababu tofauti ya milimita mbili haionekani kwenye hatua moja, ila kwenye mzunguko mzima ni sentimita kadhaa.

Sasa dalili. Cheni mpya ikipanda juu ya meno ya sproketi ya zamani, chanzo ni sproketi iliyolika kufuata cheni iliyorefuka. Vitu hivi viwili huzeeka pamoja, na ukimpa mzee mke kijana watagombana. Ikilia kwa mdundo mmoja kila mzunguko, kuna kiungo kilichotoka cheni nyingine. Ikilia mfululizo, hatua si yake kabisa. Ikiwa ni ile ile ya zamani iliyorefuka, usiitupe bado: pini na bushi zinaweza kutolewa kwa presi na kugeuzwa nusu duara ili upande usiolika uanze kazi. Bushi zilizotoboka hazigeuzwi.

Cheni ikivuka, yaani ikitoka kwenye njia yake ukikata kona, watu hukaza. Kukaza sana kunaua beringi za aidla, gurudumu la mbele linaloongoza cheni. Kati ya rola ya juu na aidla, acha cheni ilegee inchi moja hadi moja na nusu. Kama bado inavuka, linganisha rola: kwenye mashine moja kuna rola zenye ukingo mmoja na zenye kingo mbili, na zimepangwa kwa zamu kwa makusudi. Fundi aliyeziazima bila kuangalia hupanga zote za aina moja upande mmoja. Nimelikuta hilo mara nyingi.

Springi kubwa iliyo nyuma ya aidla isifunguliwe kwa spana uwanjani. Imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Ikilazimu, ipelekwe kwenye karakana yenye presi na kizuizi.

Allis-Chalmers na injini za boti

Mwenye HD-7, HD-10 au HD-14 ana bahati ambayo pengine haijui. Injini zake ni za General Motors za mipigo miwili, familia ya 71: silinda tatu, nne na sita kwa mfuatano huo. Namba 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, yaani inchi 4¼ kwa 5. Familia hii ilifungwa pia kwenye boti na majenereta, kwa hiyo usitafute kwenye skrepa za trekta tu. Tembea mpaka bandarini.

Dalili ya kuazima vibaya hapa ni injini kukataa kuwaka asubuhi ya baridi ilhali kila kitu ni kipya. Pistoni za kompresheni tofauti zinafanana kwa macho, kwa hiyo linganisha namba zilizochorwa, na seti nzima iwe ya aina moja. Ukichukua injini nzima ya boti, kwanza jua inazunguka upande gani. Zipo zilizopangwa kuzunguka kinyume, na ukiifunga kwenye trekta gia zote za mbele zitakuwa za kurudi nyuma.

Bolti inalegea kila wiki

Nimeliacha mwisho, ingawa ndilo dogo linaloharibu makubwa. Mashine za Kimarekani zina nyuzi za inchi za pembe ya digrii 60. Za Kiingereza za zamani zina Whitworth za digrii 55. Kwenye robo inchi, tatu ya nane, tano ya nane na tatu ya nne, idadi ya nyuzi kwa inchi ni ile ile, kwa hiyo bolti ya Kiingereza inaingia kwenye tundu la Kimarekani, inakaza kiasi, halafu inalegea kwa mtikisiko. Kwenye nusu inchi hazifanani: Marekani nyuzi 13, Whitworth 12. Hiyo itaingia mizunguko miwili mitatu kisha igome, na fundi mwenye haraka ataongeza bomba kwenye spana. Hapo nyuzi za bloku zimekwisha. Bolti ya milimita 12 nayo hupita kwenye tundu la nusu inchi, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, na haishiki kitu.

Mimi nina ubao ukutani wenye nati moja ya kila aina, zimepigiliwa kwa safu na kuandikwa kwa rangi. Bolti yoyote inayotoka kwenye gunia la mtu hupita pale kwanza, kwa vidole, bila spana. Ikizunguka mpaka mwisho bila kucheza wala kugoma, ndipo inapoingia kwenye mashine.